Kidirisha Kisichofungika

"Nani kaandika upuuzi huu?"

Hapo ndipo tulipomwacha Bosi wiki jana, kasimama mbele ya meza ya mkutano, simu kainyanyua juu kila mtu aione. Na kila mtu aliiona. Katikati ya kioo palikuwa na kidirisha kizuri mno, kona zake za mviringo, rangi yake ya chungwa kama nembo ya kampuni, na ndani yake maneno haya: UNA SIRI NA MKE WANGU? Chini yake vitufe viwili tu. NDIYO. HAPANA.

Ewe uliyekosa gazeti la wiki jana, sogea nikunong'oneze. Kampuni hii hupeleka mitungi ya gesi na maji ya kunywa majumbani, na mteja huagiza kwa simu yake. Fundi, mtu wetu, ndiye hujenga vile vidirisha vinavyochomoza ghafla mbele ya macho yako: una uhakika unataka kufuta oda? Kalamu ndiye huandika maneno ya ndani yake. Walikuwa chanda na pete.

Mpaka siku Kalamu alipoleta maneno ya kumzuia mteja anayetoka bila kumaliza kuagiza: "Unaondoka bila hata kuniaga?" Maneno hayo, neno kwa neno, ndiyo mkewe humwambia kila asubuhi akimwona ameshika kitasa cha mlango. Kalamu kayatoa wapi?

Hakuuliza. Mwenye wivu haulizi, hutega. Akajenga kidirisha cha kumtokea Kalamu peke yake, tena akakinyima kila njia ya kukikwepa. Hakina alama ya kufungia, ukigusa pembeni hakiondoki, ukibonyeza kurudi nyuma kinakukodolea macho. Lazima ujibu. Lakini hasira hasara. Pale pa kuandika simu inayolengwa, Fundi alipaacha wazi, na programu ikikuta pako wazi huelewa kwamba unamaanisha watu wote.

Watu wote, msomaji wangu. Kila mwenye mtungi wa gesi jikoni kwake.

"Nimeuliza, nani?" Bosi alirudia. Alikuwa mwanamama wa maneno machache, na leo aliamua kuyatumia. "Siwezi hata kuona mauzo ya leo. Hiki kitu kimekaa tu katikati ya njia. Mke wa nani? Siri gani?"

Waliokuwa mezani walitazama simu zao, kisha wakamtazama Fundi. Ofisi nzima ilikuwa na mtu mmoja tu anayejua kukata kona za mviringo namna ile.

"Ni... ni majaribio, Bosi."

"Majaribio ya nini? Ya ndoa?"

Mtu mmoja alicheka, halafu akajifanya anakohoa. Bosi hakucheka. Alimtazama Fundi, akaitazama tena simu yake, akaishusha pole pole kama aliyekumbuka jambo.

Fundi hakuyaona hayo. Macho yake yalikuwa ng'ambo ya meza, kwa Kalamu. Kalamu alikuwa ameishika simu kwa mikono miwili, kidole gumba kikielea juu ya kioo. Hakubonyeza Ndiyo. Hakubonyeza Hapana.

Mtu asiye na hatia anasita nini? Bonyeza basi, mshenzi wee, Fundi alisema moyoni. Bonyeza nikuone.

"Kiondoe," Bosi aliamuru. "Halafu nataka kidirisha kingine cha kuwaomba wateja radhi. Wewe utajenga, Kalamu ataandika. Kaeni meza moja mmalize. Baada ya hapo, Fundi, nina neno na wewe."

"Meza moja na nani, Bosi?"

"Masikio unayo."

Kukiondoa kidirisha hakukuwa kazi. Kazi ni kwamba simu zilizokwisha kukipokea ziliendelea kukishikilia mpaka mwenyewe ajibu. Pale mapokezi simu zililia kama watoto wa chekechea, na dada wa mapokezi alikuwa amekwisha kupata mtindo wake.

"Hapana, mzee, hatukushuku wewe. Bonyeza Hapana tu, mzee, gesi itakuja. Eeh? Unamfahamu kidogo? Basi bonyeza Hapana vilevile."

Kalamu alivuta kiti akakaa ubavuni mwa Fundi. Alinukia manukato. Fundi alivuta pumzi kuyakagua kama aliwahi kuyasikia nyumbani kwake, kwenye kanga au kwenye mto. Hakuwa na uhakika, na kule kutokuwa na uhakika ndiko kulikomuuma zaidi.

"Juu tuandike 'Tunaomba radhi,'" Kalamu alisema. "Chini yake, 'Swali lililokufikia leo lilitumwa kimakosa.'"

"Halikutumwa kimakosa kwa kila mtu."

"Wateja hawana haja ya kujua hilo."

Fundi aliandika. Vidole vyake vilizigonga herufi kama anayepigilia misumari.

"Lile giza la nyuma ya kidirisha lipunguze kidogo," Kalamu aliendelea. "Waone kwamba programu yao bado ipo. Kitufe kiwe kimoja, 'Sawa.' Na safari hii kifungike, Fundi. Mtu akigusa pembeni, kiende zake."

"Usinifundishe kazi."

"Sijakufundisha. Nimekuomba."

"Simu yako iko wapi?"

"Mfukoni."

"Umejibu?"

Kalamu alikuna kidevu. "Bado."

"Kwa nini?"

"Nilikwambia tangu tulipoanza kazi hii. Usimpe mtu vitufe viwili kama jibu lake halimo."

"Jibu lako ni lipi?"

"Nikibonyeza Hapana nitakuwa mwongo," Kalamu alisema taratibu. "Nikibonyeza Ndiyo utaning'oa meno. Sasa nifanyeje?"

Kiti cha Fundi kilianguka. Kabla Kalamu hajainuka, kola ya shati lake ilikuwa mkononi mwa Fundi, na kifungo kimoja kikabingirika chini ya meza.

"Sema! Sema leo hii, au..."

Simu ya Fundi ikalia. Aliitupia jicho akiwa na nia ya kuikata, akaona ni nani, nia ikamtoka. Alikuwa mama mkwe. Simu ya mama mkwe haikatwi, hata kama mkono mmoja umeshika kola ya mtu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Wajukuu zangu hawajambo?"

"Hatujambo, mama. Niko... niko kikazi kidogo."

"Sitakuchelewesha. Nilikuwa naagiza gesi hapa, simu ikaniuliza kama nina siri na mke wa mtu. Nikasema moyoni, huyu ni mkwe wangu tu. Nani mwingine atakayewauliza watu mambo ya ndani kupitia mtungi wa gesi?"

"Mama, ni bahati mbaya. Wewe bonyeza Hapana tu, kitaondoka."

"Nimeshabonyeza Ndiyo."

Kalamu, akiwa bado amekabwa, alitazama pembeni kwa adabu.

"Mama?"

"Mimi ni mtu wa kusali, mwanangu. Siwezi kusema uongo, hata kwa simu. Sasa niambie, gesi inakuja au haiji? Maharage yako jikoni."

Avumaye baharini ni papa, kumbe wengine wapo. Yeye kamkazia macho Kalamu wiki nzima, kumbe mama mkwe naye yumo! Aligeuka amwite mtu yeyote, awe shahidi wa jinsi dunia inavyomgeuka, akamkuta Bosi kasimama mlangoni.

"Mwache shati lake," Bosi alisema. "Na mimi nimebonyeza Ndiyo."

"Hata wewe, Bosi?"

"Nilipojua mke anayeulizwa ni wako, ningefanyaje? Ndiyo maana nikasema nina neno na wewe."

Fundi alitafuta kiti cha kukalia. Kilikuwa sakafuni, akakalia kona ya meza. "Basi niambieni. Ni mwanamume gani?"

"Hakuna mwanamume, we Fundi!" Kalamu alifoka, mara ya kwanza siku hiyo. "Mkeo amepata nafasi ya masomo. Anakwenda kusomea kuhudumia watoto njiti, wale wanaozaliwa kabla ya siku zao. Mji mwingine, mwaka mzima. Mimi nilimsaidia kuandika barua ya maombi, nikamfanyisha mazoezi ya usaili. Basi. Hiyo ndiyo siri."

"Nami alikuja kuniomba nikuangalie akiwa hayupo," Bosi alisema. "Usishinde njaa, usiache kazi. Mama mkwe wako atakuja kukaa na watoto."

"Na maneno ya mlangoni? Uliyatoa wapi maneno ya mke wangu?"

Kalamu aliinama kutafuta kifungo chake. "Kwenye mazoezi nilimuuliza, ukienda utakumbuka nini nyumbani. Nilidhani atasema watoto. Akasema atakumbuka anavyokusimamisha mlangoni asubuhi. Maneno yakanipendeza, nikayaandika. Hapo nilikosea, kweli. Ningekuomba ruhusa."

Mtu mwingine angepumua. Mke hana hawara, rafiki hana hatia, nini tena? Lakini huyu ni Fundi. Wivu wake haukutoka, ulihamia chumba cha pili. Alimwona mkewe amekaa na Kalamu, anacheka anapokosea jibu la usaili. Alimwona amekaa na Bosi, amekaa na mama yake, anawafungulia moyo mmoja mmoja. Wote walijua. Habari kubwa kuliko zote za maisha ya mkewe iliwafikia wote, isipokuwa yeye anayelala naye kitanda kimoja. Na huu wivu mpya ulimchoma kuliko wa kwanza, kwa sababu haukuwa na mtu wa kumpiga.

"Kwa nini hakuniambia mimi?" aliuliza.

Bosi na Kalamu walitazamana.

"Fundi," Kalamu alisema, akiinyoosha kola iliyokunjamana, "umenifanya hivi, halafu unauliza kwa nini?"

"Mara ya kwanza alipopata nafasi," Bosi aliongeza, "si ulikwenda wodini anakofanya kazi ukamkunja daktari aliyempendekeza? Mbele ya wazazi wa wagonjwa. Nafasi akapewa mwingine. Safari hii alikuwa akwambie Jumamosi, mama yake akiwepo, aondoke Jumapili. Hakutaka kuondoka kwa siri. Alitaka tu barua iwe mkononi kwanza."

Fundi alijifuta uso kwa kiganja. Aliona aibu, aibu ya kweli, na ndani ya aibu ile akapata wazo jema, pengine la kwanza wiki hiyo. Atajifanya hajui kitu. Jumamosi atakaa sebuleni kama mtu mzima, atasikiliza, atampongeza mkewe kabla hajamaliza sentensi. Jumapili atambebea begi yeye mwenyewe.

"Tumalize kidirisha," alisema. "Samahani, ndugu yangu. Kitufe kiandikwe 'Sawa.'"

Alikuwa ndiyo kwanza anagusa kompyuta, dada wa mapokezi akachungulia.

"Fundi, shemeji yuko chini. Ana begi."

Ngazi alizishuka bila kuzihesabu. Mkewe alikuwa amesimama kwenye lango la jengo, bado kavaa sare yake nyeupe ya uuguzi, sweta begani, begi kubwa la magurudumu miguuni. Begi lile walilinunua wote wawili.

"Wodi nzima imekiona," alisema. Hakupandisha sauti. Fundi angependelea apandishe.

"Mke wangu..."

"Maji ya wodi tunaagiza kwa simu ya muuguzi mkuu. Alikuwa katikati ya madaktari. Kakisoma kwa sauti, akidhani ni tangazo. Halafu akanigeukia mimi, akaniambia, dada, hizi si kazi za mumeo? Wote wakanitazama. Hata wagonjwa."

"Nimekosa."

"Umekosa, ndiyo. Dawa ya kikohozi ya mdogo iko juu ya friji. Mkubwa usimfanyie hesabu, anazijua, anakudanganya tu. Mama atafika kesho."

"Ulikuwa uondoke Jumapili."

Alishtuka. "Nani kakwambia?"

"Wote. Nimewalazimisha." Fundi aligusa mpini wa begi. "Nakupongeza. Kwa masomo. Hao watoto wamepata mtu."

Maneno yalitoka makavu, lakini yalitoka. Mkewe alimtazama kwa muda mrefu, kama anavyomtazama mgonjwa anayedai amepona.

"Unasema kweli?"

"Kweli kabisa. Nilikuwa niseme Jumamosi. Nilikuwa nijifanye nashangaa."

Mkewe alikaribia kucheka. Aliinua mkono akamrekebishia kola, ingawa yake haikuwa imekunjamana. "Nilipotoka wodini nilisema siwezi kulala hata siku moja zaidi nyumba ile. Hasira tu. Likizo zipo, nitakuja. Kama..."

Gari dogo la buluu lilisimama mbele yao. Akashuka mwanamume mrefu, mikono ya shati kaikunja mpaka kwenye viwiko, saa inang'aa. Alimwamkia Fundi kwa kichwa, akalichukua begi bila kuuliza ni lipi, akaliweka kwenye buti.

"Twende tusije tukachelewa," alimwambia mke wa Fundi. Hakumwita dada. Hakumwita mama. Hakumwita chochote.

Fundi hakusema neno. Lakini uso wake haukujua kunyamaza.

"Nakuona," mkewe alisema. "Nakuona unavyomtazama."

"Sijasema kitu mimi."

"Basi nisikilize vizuri, maana sitarudia. Ukinisindikiza mpaka kwenye mlango wa gari, ukaufunga, ukanipungia mkono, bila kuuliza huyu ni nani, likizo ya kwanza narudi nyumbani. Nitakueleza mwenyewe, bila kuulizwa. Ukiuliza, utajibiwa hapa hapa. Ila mimi sitarudi. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Utaweza?"

"Kwa nini nisiweze?"

Alishika mkono wa mkewe wakatembea. Ilikuwa safari fupi, kutoka langoni hadi barabarani, na Fundi aliiona ndefu kuliko safari zote alizowahi kusafiri. Aliona viatu vya yule bwana vimepigwa rangi. Aliona kucha zake safi. Aliona kiti cha mbele kimeshasogezwa nyuma, sawasawa na urefu wa miguu ya mkewe. Kiti hakijisogezi chenyewe! Lakini aliung'ata ulimi. Alifungua mlango, mkewe akaingia, akaufunga taratibu.

Mkewe alishusha kioo. Machoni alikuwa na machozi, na mdomoni alikuwa anatabasamu, tabasamu lile la zamani ambalo Fundi alikuwa hajaliona tangu wivu uhamie nyumbani kwao.

"Umeweza," alimwambia, akamminya vidole. "Sikutegemea. Mungu akubariki, umeweza."

"Safari njema," Fundi alisema. Akainua mkono kupunga.

Laiti gari lingeondoka wakati huo. Lakini mkanda wa kiti ulikwama. Mkewe aliuvuta, ukagoma. Na yule bwana, bila hata kugeuza shingo, alinyoosha mkono mbele ya kifua cha mke wa mtu, akaupiga mkanda ngumi ndogo mahali fulani, ukatoka. Alijua pa kuupiga. Na mkewe hakushtuka.

Mkono wa Fundi uliganda hewani.

Kasema nisimuulize yeye, aliwaza. Hakusema nisimuulize huyu.

Unajua kwamba alisema asiulize kabisa. Fundi naye alijua. Miguu yake haikujua. Ilimzungusha mbele ya gari mpaka upande wa dereva, na mgongo ukajiinamisha wenyewe dirishani.

"Samahani, ndugu yangu," alisema kwa upole mkubwa. "Kwani wewe ni nani?"

Yule bwana aliondoa mkono kwenye ufunguo. Alimgeukia kwanza mke wa Fundi, akamuuliza kwa sauti ya chini, sauti ya mtu aliyezoea kumuuliza mambo.

"Nimwambie?"

Tabasamu lilikuwa bado halijamtoka mama wa watu. Lilitoka sasa, kidogo kidogo, mpaka likaisha. Alipandisha kioo cha upande wake, akatazama mbele barabarani.

"Mwambie tu," alisema. "Mimi kurudi sirudi tena."